Shujaa wa Chuga: Jinsi ya kuandaa mchezo wa mezani ambao nguvu zina bei

Saa nne usiku, Unga Limited. Kelele za "mwizi!" zinapasua mtaa. Watu wanatoka na fimbo, mmoja tayari kashika tairi. Kijana aliyelala chini hajulikani kama kaiba kweli. Mhusika wako ana uwezo wa kunyanyua gari kwa mikono miwili, ila akionekana leo, kesho mtaa mzima utajua anakaa wapi. Unafanya nini?

Swali kama hilo linatosha kufungua kampeni ya supahiro. Kampeni hapa sio ya uchaguzi. Ni hadithi moja ndefu inayochezwa mezani na marafiki wanne au watano, wiki hadi wiki, kwa kalamu, karatasi na dadu.

Ni mchezo gani huu?

Mmoja anakuwa msimulizi. Anaeleza mji, anaigiza watu wote wa pembeni na kuleta matatizo. Wengine kila mmoja anabeba mhusika wake na kuamua anachofanya. Hakuna mshindi. Pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, dadu zinaamua.

Michezo ya aina hii ilishika kasi kuanzia 1974, ilipotoka Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani. Mashujaa wenye nguvu za ajabu walifuata, na mchezo wao mmoja maarufu, Champions, ulitoka 1981. Mwaka 1986 katuni ya Watchmen ilianza kuchapishwa, ikaonyesha mashujaa waliochoka, wenye makosa na wanaoogopwa na watu walewale wanaodai kuwalinda. Hapo ndipo ladha hii "ngumu" ilipopata nguvu.

Na sio lazima hadithi iwe ya New York. Filamu ya Kenya, Supa Modo ya mwaka 2018, ilimpeleka supahiro kijijini, kwa mtoto mgonjwa ambaye majirani zake wanamsaidia aishi ndoto yake.

Ugumu uko wapi?

Wengi wanadhani ugumu ni damu nyingi na giza. Hapana. Ugumu ni gharama. Kwenye filamu nyingi shujaa anabomoa mtaa na hakuna anayeuliza nani atalipa. Kwenye kampeni hii, meza iliyovunjika ni ya mama lishe, na mtaji wake ulikuwa mkopo wa kausha damu. Wiki ijayo wanaomdai watampigia hodi. Shujaa atakuwa wapi?

Kwa Tanzania kuna ishu nzito zaidi. Shujaa anayepiga wahalifu usiku anajichukulia sheria mkononi, kitu kilekile ambacho "wananchi wenye hasira kali" hufanya, na watu hufa, wengine bila kosa. Sungusungu, walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walisifiwa kwa kupunguza wizi wa ng'ombe, lakini pia walilaumiwa kwa vipigo na mateso. Kampeni nzuri inamlazimisha mchezaji ajibu: wewe una tofauti gani nao?

Hatua ya 1: Kubalianeni mipaka

Kabla ya dadu kugusa meza, kila mtu aseme asichotaka kukiona. Ukatili dhidi ya watoto? Ubakaji? Viondoeni kabisa. Matukio ya kweli yaliyoua watu Arusha nayo yaacheni, kwa sababu huenda aliyekaa mezani kafiwa. Mtu akisema "simama" katikati ya mchezo, mnasimama, hakuna kuulizana sababu.

Hatua ya 2: Chagua eneo dogo

Usianze na dunia nzima, wala Arusha nzima. Chukua kata moja au mbili. Ngarenaro na Unga Limited zinatosha kwa miezi. Weka sehemu tano ambazo wachezaji watazirudia: soko la Kilombero, kijiwe cha bodaboda, ofisi ya mtaa, zahanati, na nyumba ya kupanga anakoishi mmoja wao.

Kisha ongeza kinachokaa juu ya vichwa vyao. Arusha ni mji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda nayo ilikaa hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mji wenye majaji wa kimataifa, ilhali kilomita chache tu kutoka hapo mtu anahukumiwa kwa tairi. Msimulizi hahitaji kutunga mgongano mwingine.

Hatua ya 3: Chanzo kimoja cha nguvu

Mmoja akitoka anga za mbali na mwingine akiumwa na buibui, hadithi inapoteza mguu. Chagueni chanzo kimoja kinachotoka hapahapa.

Mlima Meru, wenye mita 4,566, ni volkano ambayo mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Maji mengi yanayoshuka miteremko yake yana floraidi kupita kiasi. Ndiyo inayofanya meno ya watu wengi wa huku kuwa ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Sasa tunga: watu wachache waliokunywa maji ya chemchemi fulani, mifupa yao imekuwa migumu kuliko chuma. Wengine wa familia hiyohiyo wamepinda miguu tu. Mchezaji anapata nguvu, mdogo wake amepata maumivu, na maji ni yaleyale.

Mkitaka njia nyingine, kuna tanzanite. Machimbo ya Mererani, wilayani Simanjiro, yamezungukwa na ukuta wa takriban kilomita 24 uliozinduliwa Aprili 2018. Jiwe moja likipita ukutani likiwa na siri ndani yake, tayari mna hadithi.

Hatua ya 4: Mhusika kwa mistari mitatu

Andika kazi, nguvu na deni. Mfano: fundi pikipiki wa Ngarenaro, mifupa yake haivunjiki, ila maumivu anayasikia yote, anamlipia mdogo wake matibabu. Deni sio lazima liwe la pesa. Linaweza kuwa ahadi, siri au mtu aliyemuangusha. Msimulizi akikosa la kufanya, anagusa deni la mtu.

Hatua ya 5: Dadu mbili za ludo zinatosha

Huhitaji kuagiza vitabu vya bei mbaya. Mfumo uliopata umaarufu kupitia mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010 unatumia dadu mbili za kawaida. Rusha, jumlisha.

Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Ukipata 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kuna gharama. Ukipata 6 au pungufu, mambo yanaharibika. Kama jambo ni la fani ya mhusika wako, ongeza 1.

Hesabu yake ndiyo siri. Kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, 15 ni ya kuharibu, 15 ni ya kufanikiwa kwa gharama, na 6 tu ni mafanikio safi. Yaani ushindi usio na bei ni mmoja kati ya sita. Ugumu umeshaingia kwenye dadu zenyewe.

Hatua ya 6: Adui mwenye sababu

Usilete jitu linalotaka kuteketeza dunia. Leta mkopeshaji anayewalipia watoto wa mtaa ada, huku akiwanyang'anya mama zao vitanda. Akipigwa, nani atalipa ada? Weka pia askari mwadilifu anayemsaka shujaa, kwa sababu kisheria shujaa ana kesi ya kujibu.

Hatua ya 7: Daftari la mtaa

Kila mkimaliza kucheza, andikeni mambo matatu: nani kaumia, nani kajua siri, nani anadai. Wiki ijayo anzeni na mojawapo. Daftari hili ndilo linalogeuza vipigo vya wiki moja moja kuwa kampeni.

Turudi Unga Limited

Fundi wetu anaingia kati ya umati na kijana. Dadu zinaleta 8. Kijana anapona, na tairi halikuwashwa. Gharama: fimbo zimemvunjikia mgongoni na yeye kabaki amesimama. Watu wamenyamaza. Mwenye simu ameshapiga picha.

Asubuhi kuna mtu mlangoni. Ni mama wa kijana aliyekuja kushukuru, au ni yule aliyeibiwa kweli, anayetaka kujua kwa nini shujaa kamkinga mwizi wake?

Msimulizi achague mmoja, kisha ampe mchezaji dadu.