Apareyi Inayosoma Rangi ya Mawe

Twaa jiwe la malakiti mkononi. Unaona kijani, na mara moja unasema: hapa kuko shaba. Lakini kuko mawe mengine ya kijani yasiyokuwa na shaba hata kidogo. Sababu gani jicho linadanganyika? Jicho la mtu liko na milango mitatu tu ya rangi: nyekundu, kijani na buluu.

Mwangaza wenyewe uko na mengi zaidi. Kila jiwe linameza sehemu fulani ya mwangaza na kurudisha ingine. Ile inayokosekana ni kama alama ya kidole: inatambulisha jiwe. Mu mwaka 2022 Wamarekani walipeleka angani chombo EMIT, kinachogawanya mwangaza wa udongo mu sehemu 285. Lakini vyombo vya namna ile ni vizito, tena vinasoma mstari kwa mstari, kama mama anayefagia kiwanja.

Sasa wenye elimu wanatafuta apareyi ndogo inayoshika yote kwa foto moja. Kule Leuven, Ubelgiji, wafanyakazi wa imec wanaweka vichujio vyembamba sana juu ya kile kipande kinachopokea mwangaza: vitone 16, kila kimoja na rangi yake, kiisha wanarudilia vile vile mpaka mwisho. Kule Harvard, Marekani, kundi la Federico Capasso lilionyesha mwaka 2016 lenzi bapa iliyojengwa kwa vinguzo vyenye urefu wa nanometa 600. Unywele wa kichwa uko na upana wa karibu nanometa elfu 80! Namna kila kinguzo kimegeuzwa, ndivyo kinavyoongoza mwangaza. Basi lenzi moja inaweza kupiga foto na kutenga rangi pamoja.

Tuseme ukweli: kuko bei ya kulipa. Rangi 16 zikigawana nafasi, kila moja inapata kitone kimoja tu kati ya 16. Kompyuta inajaza kilichobaki, na inaweza kukosea. Zaidi ya yote, apareyi inaona ngozi ya jiwe, hapana tumbo lake. Mavumbi, matope ao malakiti kidogo juu ya jiwe tupu vinaweza kuipoteza.

Haya yanakuhusu weye unayechimba, na mama anayengojea feza ya mfuko ule. Siku mnunuzi atakuja na apareyi ndogo na kusema, “Imeisha kuona, mfuko wako hauna kitu,” usitetemeke. Apareyi inaweza kujua jina la jiwe lililo juu. Kilo ngapi za shaba ziko ndani ya mfuko, haijui. Uombe watwae vipande toka juu, katikati na chini ya mfuko, wavisage pamoja, kiisha wavipime mu laboratware. Na wakati wa kuchagua vile vipande, usiende mbali: simama pale, angalia kwa macho yako.