Tarehe Inayosomeka Mumosho na Kigoma

Tetemeko lililoipiga Bukavu ya Kongo na Cyangugu ya Rwanda Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na watu walikufa pande zote mbili za mto Ruzizi. Lilitokea saa ngapi? Aliyekuwa kanisani asubuhi ile atajibu saa tatu na nusu na ushei. Saa za Bukavu zilionyesha 9:34, za Kinshasa, nchi ileile, 8:34, za Dar es Salaam 10:34. Orodha za kimataifa za matetemeko zimeandika 07:34, yaani saa ya dunia, UTC. Wote wamesema kweli. Matata huanza moja ya namba hizo inapoingizwa kwenye faili la kompyuta bila kutaja ni ya saa ipi.

Na tarehe je? Mkongomani akiandika 3/2/2008 anataja Februari. Mmarekani akilifungua faili hilo anasoma tarehe 2 Machi, wala kompyuta yake haitamwonya.

Kwa wataalamu wa matetemeko, akiwemo anayefanya kazi Lwiro kaskazini ya Bukavu, muda ndio kipimo chenyewe. Mawimbi ya kwanza hupita ndani ya miamba kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde, na chanzo hutafutwa kwa kulinganisha muda yalipofika kwenye vituo mbalimbali. Saa ya kituo ikikosea sekunde 5 tu, umbali unakosewa kwa kilomita 30. Kosa la saa nzima afadhali, maana linajianika. Lile dogo hupita kimya likaingia kwenye ramani.

Dawa ipo tangu 1988, nayo ni kiwango cha ISO 8601. Tetemeko lile linaandikwa 2008-02-03T07:34:12Z. Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku; T inatenga tarehe na saa; Z inasema hii ni UTC. Anayependa saa ya Bukavu aandike 2008-02-03T09:34:12+02:00, na ni nukta ileile. Faida nyingine naipenda sana: ukizipanga tarehe za namna hii, zote zikiwa za UTC, kama maneno ya kamusi, zinajipanga zenyewe kwa mfuatano wa matukio.

Twende sasa Mumosho, kusini mwa Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi II. Kituo hiki cha umeme cha mwaka 1989 kiko chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Upande huu wa Kongo, Rwanda na Burundi wote wako +02:00, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba saa haina haja ya maelezo. Lakini maji yale yanashuka hadi Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya Kigoma saa ni +03:00. Kina cha ziwa kilichopimwa Uvira, upande wa Kongo, saa 12 asubuhi na kile cha Kigoma saa 12 asubuhi vimepishana kwa saa nzima.

Tena kuna saa zetu za Kiswahili. Tuseme msomaji wa kipimo cha mto kule Mumosho ameandika daftarini "saa mbili usiku", wakati taa zinawaka kila nyumba na mahitaji ya umeme yako juu. Karani akichapa 02:00 badala ya 20:00, maji ya jioni yanahesabiwa kuwa ya usiku wa manane, watu wamelala. Kwa hiyo naona daftari libaki na lugha ya aliyepima, na faili liwe na safu mbili: maneno yake kama yalivyo, na pembeni muda uliogeuzwa kuwa wa ISO.

Rekodi za mvua za zamani zinataka uangalifu wa aina yake, kwa kuwa nyingi zina siku tu, hazina saa. Tuseme ukurasa unataja 14 Machi 1957. Andika 1957-03-14, uishie hapo. Programu nyingi zitajaza saa 00:00 zenyewe, na ukigeuza kutoka saa ya Bukavu kwenda UTC utapata 1957-03-13T22:00Z. Mvua imerudi nyuma siku nzima, na hakuna aliyegusa daftari.