Nyama nyama si mchezo tu: mdundo, mwendo na ubongo wa mtoto wa darasa la awali

Ukitembea vijiji vya Ugogoni jioni, unaweza kukuta wanawake wawili wanatwanga uwele kwenye kinu kimoja. Mchi huu unashuka, ule unapanda. Hakuna anayehesabu kwa sauti, na michi haigongani. Pembeni amesimama mtoto wa miaka mitatu au minne anatazama, na kichwa chake kinafuata mdundo bila mwenyewe kujua.

Muda si mrefu mtoto huyo ataingia darasa la awali. Ataambiwa akae, anyamaze, afunge mikono. Nyimbo zitaimbwa, ndiyo, lakini ni za kukaribishana asubuhi au za kuwaamsha wanaosinzia. Wimbo ukiisha, ndipo "somo" linaanza. Na jioni mzazi atafungua daftari kuona kumeandikwa nini. Likiwa tupu, atauliza: kwani nimempeleka shule kucheza?

Ni swali la haki kabisa. Tulijibu kwa sayansi, bila kutia chumvi.

Ubongo unabashiri pigo linalofuata

Unapopiga makofi na wenzako, husubiri usikie pigo ndipo na wewe upige. Ungekuwa unachelewa kila mara. Ubongo unakadiria pigo linalofuata litakuja lini, na unaandaa misuli kabla halijafika. Ndiyo maana kusikiliza mdundo kunashtua hata sehemu za ubongo zinazoendesha mwili, ingawa wewe umekaa tu.

Sasa, maneno nayo huja kwa mapigo. Mtoto anayejifunza kusoma lazima kwanza asikie kwamba neno lina vipande. Kiswahili kinatusaidia sana hapa kwa sababu silabi zake nyingi huishia na irabu: ki-bi-ri-ti, makofi manne. Jaribu tena: m-tu, makofi mawili. Mbu-zi, makofi mawili. Umeona? Kwenye "mtu" herufi m imepata kofi lake peke yake, kwenye "mbuzi" haikupata. Kulieleza hilo kwa maneno mbele ya watoto wa miaka mitano ni kazi, lakini mikono yao inalijua.

Mwaka 2002 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 100 wa miaka 4 na 5. Waliofanya vizuri kutambua midundo na sauti za muziki walielekea pia kufanya vizuri kutambua sauti ndani ya maneno, na katika hatua za mwanzo za kusoma. Huo ni uhusiano, bado si ushahidi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Lakini unatuonyesha pa kuchimba.

Kutoruka ndiyo kazi ngumu

Mchezo wa nyama nyama unaujua. Kiongozi anataja mnyama; akiwa analiwa, wote mnaruka na kuitikia. Akitaja fisi, unatulia. Ukiruka, umetoka.

Kuruka ni rahisi, mwili umeshazoea kuruka. Kazi ipo kwenye kutoruka, pale kila kitu mwilini kinakuvuta uruke. Huko ni kujizuia, na ni msingi wa mambo mengi ya darasani: kusubiri zamu, kukumbuka maelekezo, kutojibu kabla swali halijaisha.

Kumbe wanasayansi wa Marekani hupima jambo hilohilo kwa mchezo unaofanana: mtoto akiambiwa aguse kichwa, anatakiwa aguse vidole vya miguu. Utafiti wa Megan McClelland na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa wakipiga hatua katika kipimo hicho walielekea pia kupiga hatua katika kusoma, msamiati na hesabu. Yaani kipimo cha maabara kina ndugu yake pale uwanjani kwetu, anacheza kwenye vumbi.

Kuna faida nyingine. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wakiwa Leipzig, Ujerumani, waliwagawa watoto 96 wa miaka 4 wawiliwawili. Baadhi walicheza mchezo wenye kuimba na kucheza kwa mdundo. Wengine walicheza mchezo uleule bila muziki. Baadaye gololi za mtoto mmoja zikamwagika. Walioimba pamoja waliwasaidia wenzao zaidi.

Tusidanganyane

Utasikia watu wanasema muziki unaongeza akili. Polepole. Mwaka 2013 Samuel Mehr na wenzake wa Harvard walichapisha majaribio mawili ya madarasa ya muziki kwa watoto wa miaka 4, ya wiki chache. Hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba muziki uliinua uwezo wa akili kwa ujumla. Kwa hiyo wimbo wowote hautamfanya mtoto ajue kuhesabu. Wimbo unaohesabu, ukiwa na vitendo vya kuhesabu, unaweza kumsaidia kuhesabu. Mwalimu ndiye anayeamua ndani yake kuna somo gani.

Tajiri asiyetumia mali yake

Hapa ndipo Dodoma inaponiumiza kichwa. Wagogo wanajulikana duniani kwa kuimba sauti kadhaa kwa wakati mmoja, kwa zeze na marimba, na kwa muheme, ngoma ambazo wanawake hupiga wakiwa wamezibana kwa mapaja. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo mbali. Mtoto wa hapa anakulia ndani ya midundo inayopishana ambayo mwanafunzi wa muziki kwingineko anaisomea miaka. Kisha darasani anapewa kawimbo kamoja ka kuitikia. Dk. Kedmon Mapana, mwanamuziki na mtafiti kutoka Ugogoni, ameandika kuhusu pengo hili kati ya muziki wa nyumbani na wa shuleni.

Fikiria mtoto aliyekuja shule akijua Kigogo tu. Kwenye Kiswahili yuko nyuma, ananyamaza. Kwenye mdundo huenda yuko mbele ya wote. Tukianzia pale anapojua, maneno mapya yana pa kushika.

Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 uliweka stadi za kisanii miongoni mwa umahiri wa kujengwa, kwa hiyo ruhusa ipo. Ugumu ni idadi: kiwango ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na madarasa mengi yamevuka hapo mbali. Lakini hata wakiwa wengi, haya yanawezekana:

- Gawa darasa makundi mawili. Moja linashika pigo kwa miguu, lingine linapiga silabi za neno kwa makofi. Kisha mbadilishane.
- Pigeni dumu mara kadhaa. Watoto wahesabu kimya, kisha waweke vizibo vya soda idadi ileile.
- Chezeni nyama nyama kwa herufi: ukitaja neno linaloanza na "ba", ruka; lingine, tulia. Anayekosea asitoke, maana ndiye anayehitaji mazoezi zaidi.
- Mwalike bibi mmoja wa kijijini aje na ngoma yake.

Na yule mzazi mwenye daftari tupu? Mwambie amwombe mwanae apige makofi ya jina la kila mtu nyumbani. Akiweza, somo amelileta mikononi.