Kuchagua Kiwanja Mlimani

Wazee wetu wengi, wakikaribia kustaafu, hutafuta kiwanja kilimani, mahali penye hewa safi na ziwa laonekana chini. Huuliza bei, maji na mipaka. Wachache huuliza: je, moto wa nyika ukizuka, utapita wapi? Sisi wa Mabatini, tuishio kati ya vilima vya mawe, yatupasa kulijua jambo hili kabla ya fedha kulipwa.

Kwanza, tufahamu tabia ya moto. Hupanda mlima upesi kuliko unavyoteremka, kwa sababu hewa yenye joto huenda juu, na ndimi zake huinamia majani yaliyo mbele na kuyakausha kabla hazijayafikia. Korongo nalo huuvuta moto kama bomba la moshi. Tena, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mteremko utazamao ziwa huupokea. Kwa hiyo kiwanja kilicho juu ya korongo, au katikati ya mteremko mkali wenye majani marefu, kina hatari kubwa wakati wa kiangazi.

Wengine watasema, "Basi tujenge bondeni." Lakini bondeni kuna maji, na Mto Mirongo ukifurika hauchagui nyumba. Mahali pema ni tambarare iliyoinuka kidogo, penye shamba lililolimwa au mwamba mtupu upande wa chini. Mwamba hauwaki, ila usijenge chini ya jiwe lililokaa juu ya jiwe, kwani joto kali hupasua mwamba, na wavunja mawe walijua hilo zamani.

Pili, nyumba yenyewe. Bati haliwaki kama nyasi, lakini cheche huingia penye uwazi kati ya ukuta na paa. Uzibwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Majani yafyekwe hatua kumi kuizunguka nyumba, na zaidi upande wa mteremko. Kuni ziwekwe mbali. Mikaratusi isipandwe karibu, maana majani yake yana mafuta, na magome yake makavu huruka na upepo yakiwaka.

Tatu, njia. Zimamoto huitwa kwa namba 114, lakini gari lao haliwezi kupanda ngazi za mawe. Mchana nyumbani hubaki bibi na watoto wadogo. Njia wawezayo kuipita wao, bila msaada wa kijana, ndiyo kipimo cha kiwanja.

Mtu asidhani kuwa haya ni ya nchi za mbali. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, ukawaka siku nyingi. Mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, walipanda kuuzima.

Mwisho, tuwachunguze majirani. Moto mwingi huwashwa na watu: wasafishao mashamba, warinao asali, watafutao malisho mapya. Huku Usukumani hata ngitili, malisho yatunzwayo kwa ajili ya kiangazi, huweza kuteketea kwa cheche moja. Basi, mzazi, kabla ya kutia sahihi, tazama kama vigogo vya miti vimeungua, na upande gani. Kisha umwulize mzee wa mahali pale: moto ulipita lini, nao ulitoka wapi? Jibu lake lina thamani kuliko uzuri wa ziwa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV