Rangi ya Sakafu Inabanduka: Tatizo Liko Wapi?

[MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA POLEPOLE]

MTANGAZAJI: 

Leo tunaongea habari ya sakafu. Najua kuna mzee anasema, watu wanatafuta unga, huyu kijana anatuletea sakafu! Mzee wangu, ngoja kidogo.

Kuna kliniki moja ambayo akina mama wengi wa kwetu huenda kujifungua. Sakafu yake ilimwagwa Januari. Baada ya wiki mbili ikapakwa rangi ya kijivu, ikang'aa, tukapiga picha. Mvua ilianza Aprili. Ilipofika Juni, rangi ilikuwa inatoka vipande vipande kama ganda la karanga. Mama anayesafisha pale aliniambia, "Mwanangu, nikipiga deki, uchafu unaingia chini ya rangi, siutoi tena." Hapo ndipo penye hatari. Damu na vijidudu vikijificha chini ya rangi, klorini haivifikii. Sisi tulioona kipindupindu hapa Juba mwaka 2014 tunajua umuhimu wa sakafu inayosafishika.

Watu walisema rangi ni feki. Tukamwomba fundi mmoja mwenye uzoefu aende nasi. Hakuuliza jina la rangi. Aliokota kipande kilichobanduka, akakigeuza, akaangalia mgongo wake. Nawe fanya hivyo hivyo, maana mgongo wa rangi ndio unaosema ukweli.

[MLIO MFUPI]

Ukiona mgongo una unga wa saruji, rangi haina kosa. Ilishika vizuri, ila ilishika kitu kibovu. Ngozi ya juu ya zege ilikuwa dhaifu, ikang'oka pamoja na rangi. Hii hutokea zege ikikosa kumwagiliwa maji. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kunywa maji, na inatakiwa ikae na unyevu angalau siku 7. Hapa kwetu maji tunanunua kwa lori au kwa pipa, na joto la Februari na Machi hupita nyuzi 35. Fundi anabana matumizi, zege inakauka kabla haijakomaa. Wengine pia hunyunyiza saruji kavu juu ya zege mbichi na kupiga niru ili ing'ae. Inapendeza, lakini ile ngozi nyembamba haina nguvu.

Ukiona mgongo ni safi na laini, rangi haikushika kabisa. Pengine sakafu ilikuwa na vumbi au mafuta, au ilikuwa laini mno kama sahani. Mwaga matone ya maji juu ya sakafu isiyo na rangi. Maji yakisimama kama juu ya jani la muhogo, rangi nayo haitaingia.

Ukiona malengelenge, na ukitoboa yanatoa maji, basi maji yanatoka chini. Zege ina vitundu vidogo sana, inavuta maji ya ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kama chini ya sakafu haikutandikwa nailoni nzito, mvua ikinyesha unyevu unapanda, unakuta rangi imeziba njia, unaisukuma.

Ukigusa rangi inanata, kuna mawili. Rangi ya makopo mawili, ile ya epoksi, ilichanganywa bila kipimo. Au ilipakwa rangi ya mafuta juu ya zege changa. Zege changa ina ukali kama wa chokaa, na ukikutana na unyevu hugeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni.

Pale kliniki tulikuta mambo mawili. Chumba cha kungojea: unga mgongoni. Chumba cha kujifungulia: malengelenge yenye maji. Jengo moja, rangi moja, magonjwa mawili. Kupaka tena juu yake kungekuwa kutupa pesa.

[MLIO MFUPI]

Sasa, wewe uliye kwenye kamati ya shule, kliniki au kanisa, kabla rangi haijanunuliwa fanya majaribio haya. Hayana gharama.

La kwanza, kwaruza sakafu kwa msumari. Ikitoa unga kwa urahisi, ngozi hiyo iondolewe kwa brashi ya waya au mashine, na anayefanya kazi hiyo afunge pua na mdomo.

La pili, kata nailoni inayoona ndani, sentimita 45 kwa 45. Ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, saa tisa alasiri. Ifungue kesho yake saa tatu asubuhi. Ukikuta matone, au zege imekuwa nyeusi pale chini, usipake. Fanya jaribio hilo pia wakati wa mvua, kwa sababu sakafu ya Februari inaweza kukudanganya.

La tatu ni subira. Zege mpya ipewe siku 28 za kukomaa, na mara nyingi huhitaji zaidi ili ikauke ndani.

Kama unyevu unatoka chini na hakuna pesa za kuvunja, afadhali kuacha zege wazi, iwe imara, iwe na mteremko wa kutoa maji, kuliko kuifunika rangi itakayoficha uchafu.

Na mkandarasi akileta karatasi ya kusaini, muulize: nailoni iko chini? Mlimwagilia siku ngapi? Mlipima unyevu lini? Kumuuliza si kumkosea heshima. Watakaolala kwenye sakafu hiyo ni dada zetu.

Sakafu ya kwenu ikibanduka, okota kipande kimoja, ulete kwenye meza yetu ya habari. Tutakigeuza pamoja.

[MUZIKI WA KUFUNGA]