Kikosi Bora cha Mombasa Kilichochaguliwa kwa Masikio

Ukitaka kuwatia wanaume wa Pwani katika mzozo usio na matusi wala ngumi, lakini usiokwisha mpaka adhana ya magharibi, waombe wakutajie wachezaji kumi na mmoja bora waliopata kutokea Mombasa. Hapo utamwona mtu ambaye tangu asubuhi anatafuta miwani yake akikueleza, bila kusita, nani alimpa nani mpira, kwa mguu gani, na refa alikuwa amesimama wapi. Atakula kiapo. Na jirani yake ataapa kinyume chake.

Mzozo ninaotaka kukusimulia, mpenzi msomaji, niliukuta Mwakirunge. Watu wengi wa mjini hulijua jina hilo kwa sababu ya jaa tu. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa, malori ya taka hubeba mabaki ya mji mzima yakaenda kuyamwaga huko. Lakini Mwakirunge si jaa peke yake. Ni minazi na mikanju, ni mashamba ya mihogo, ni njia za mchanga ambazo pikipiki huzipita kwa kuyumba. Kwa karatasi za serikali ni wadi ya Kisauni, ndani ya Kaunti ya Mombasa. Kwa mdomo wa wenyeji, mtu akivuka kwenda kisiwani husema, "Naenda Mombasa," kana kwamba yeye anaishi nchi nyingine.

Kando ya kiwanja cha mpira cha hapo pana duka lenye ukuta mrefu usio na dirisha. Vijana wa kiwanjani walichanga pesa, wakanunua rangi, wakamwita fundi wa kuandika mabango. Nia yao ilikuwa kuuchora ukuta ule kama uwanja wa kandanda, kisha kila mahali pa mchezaji liandikwe jina la bingwa wa Mombasa wa enzi zote. Mwenye duka alikubali, kwa sharti moja: asiwakosanishe na wateja wake. Jina lisipandishwe ukutani mpaka wazee wa chini ya mwembe na vijana wa kiwanjani walikubali kwa pamoja. Sharti hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa la busara kuliko lile la vyama vingi vya mpira nchini, ila lilimfanya fundi akae na brashi mkononi tangu saa nne asubuhi.

Walianza kugombana kabla ya jina la kwanza. Fundi aliuliza tu achore watu wangapi nyuma na wangapi mbele. Wazee wakasema bila kufikiri: mabeki wawili, mahafu watatu, mafowadi watano. Vijana wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mabeki wawili? Leo hii? Wao walitaka wanne nyuma, watatu kati, watatu mbele. Kijana mmoja akauliza insaidi ni mnyama gani. Mzee mmoja, mgema aliyestaafu kupanda minazi kwa ajili ya magoti, akamjibu, "Mwanangu, insaidi ndiye aliyekuwa akifanya kazi ya hao wenu watatu, na nauli akijilipia mwenyewe." Fundi aliamua mwenyewe. Alichora mistari ya uwanja, akaacha katikati wazi.

Golini hapakuwa na ubishi. Mahmoud Abbas. Hilo lilipanda ukutani kwa dakika tano, na mwenye duka akatoa soda. Hata mtoto wa shule anajua kwamba huyu mwana wa Mombasa aliitwa "Kenya One," na kwamba Kenya ilipotwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, yeye ndiye aliyekuwa akiidakia. Mwaka 1981 fainali ilichezwa Tanzania dhidi ya wenyeji, ikaisha 1-0. Mwaka 1983 ilichezwa nyumbani, Zimbabwe wakafungwa vilevile 1-0. Lakini ile wanayoipenda wazee ni ya Kampala mwaka 1982. Waganda kwao, uwanja wao, mashabiki wao. 1-1 mpaka mwisho, kisha penalti, na Kenya ikashinda 5-3. Mgema wetu aliisimulia fainali hiyo akiwa amesimama, mikono imetandazwa, akaruka kidogo upande wa kushoto kwa kadiri magoti yalivyomruhusu.

Nikamuuliza, "Mzee, ulikuwepo Kampala?"

"Kampala nifuate nini?"

"Basi ulimwona wapi Abbas?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Sikumwona. Nilimsikia."

Nikaona nizunguke na swali hilo. Chini ya mwembe ule kulikuwa na wazee saba. Aliyewahi kumwona Mahmoud Abbas akidaka kwa macho yake mwenyewe hakuwepo hata mmoja. Kikosi chote walichokuwa wakikipigania tangu asubuhi walikisikia redioni.

Wala si ajabu. Fikiria, msomaji, safari ya kutoka Mwakirunge kwenda uwanja wa Manispaa, kisiwani, katika miaka ya 1960 na 1970. Unatembea mpaka upate gari, unafika Nyali, na hapo daraja ni lile la zamani la kuelea, la kulipia. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Ukishavuka bado hujalipa kiingilio cha uwanja, na jioni ukirudi giza limekukuta njiani. Mgema anagema mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mnazi haungoji mpira uishe. Kwa hiyo aliifunga redio yake ndogo kiunoni akapanda nayo. Betri zikichoka alizianika juani, kama tulivyofanya sote, zikapata uhai wa kipindi cha pili. Anasema mabao mengine aliyapata akiwa juu kabisa, kibuyu kimoja mkononi, na mara moja alipiga makofi akasahau alipo. Kisu kilianguka. Yeye hakuanguka.

Na timu za mjini nazo walizijua hivyohivyo. Feisal, kwa mfano. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na mwaka 1965 bingwa wake alikuwa Feisal ya Mombasa. Tangu siku hiyo hadi msimu wa 2024/25 kombe la ligi halijarudi tena katika mji huu. Bandari ilikaribia mara mbili, ikamaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018 na tena msimu uliofuata. Ubingwa mmoja katika zaidi ya miaka sitini! Ndiyo maana jina la Ali Kajo, mshambuliaji wetu aliyevaa jezi ya taifa zama zile za Feisal, lilipotajwa kwa nafasi ya senta fowadi, wazee waliondoa kofia. Vijana hawakulijua. Waliomba ushahidi, picha inayokwenda, kitu cha kutazama kwenye simu. Hapakuwa na kitu. Mgema akasema tena lile lile: "Mimi nilimsikia." Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akasema kwamba kusikia si kuona. Hapo mwembe ukawaka moto.

Mimi nilikuwa upande wa yule dereva mpaka zamu ya vijana ilipofika. Wao walimtaka Abdallah Hassan, winga wa Bandari, na hoja yao ilikuwa nzito. Tarehe 25 Machi 2021, Kasarani, Kenya dhidi ya Misri, kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Misri walifunga dakika ya kwanza, watu wakakata tamaa kabla ya kukaa vizuri. Kipindi cha pili Abdallah akasawazisha, ikaisha 1-1. Winga wa timu ya Mombasa amewafunga Mafarao! Dereva wa bodaboda aliitoa simu, akawaonyesha wazee bao lenyewe, mara mbili, ya pili polepole.

Mgema alitazama kwa makini. Kisha akauliza mbona majukwaa matupu. Wakamweleza kuwa ulikuwa wakati wa korona, mashabiki hawakuruhusiwa. "Kwa hiyo nanyi hamkuwepo," akasema. "Hakuwepo mtu." Vijana wakanyamaza, halafu wakaanza kucheka, na katika kicheko hicho mapatano yakafanyika: Kajo apande, na Abdallah apande. Aliyesikia na aliyetazama kwenye kioo wote walikuwa mbali na nyasi kwa umbali uleule. Fundi akachovya brashi.

Palipoharibika ni kwa beki wa kati. Vijana walimtaja Felly Mulumba, aliyekuwa nahodha wa Bandari kwa misimu kadhaa. Mulumba ni mzaliwa wa Kongo. Wazee wakakataa katakata. Hiki ni kikosi cha Mombasa, si cha Kinshasa. Mgeni ni mgeni hata akae miaka. Vijana wakajibu kwamba Bandari ilipotwaa ngao ya taifa mwaka 2015 chini ya Twahir Muhiddin, na ilipoitwaa tena mwaka 2019, haikuwauliza wafungaji wamezaliwa wodi gani. Na kama kuzaliwa ndiko kunakohesabiwa, akasema dereva, basi tumwondoe pia Abbas katika sifa za AFC Leopards, maana Nairobi walimchukua kwetu wakamfanya wao. Hoja hiyo niliipenda. Wana wetu wangapi wamehesabiwa Nairobi kuwa wa Nairobi? Sisi tukipata mmoja kutoka kwingine tunamwomba cheti.

Ilikuwa mgema, mtu ambaye sikumtarajia, aliyeugeuza mjadala. Alikuwa kimya kwa muda, akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Akauliza, "Na Mbotela je? Yeye ni wa wapi?"

Leonard Mambo Mbotela, msomaji, hahitaji kutambulishwa kwa yeyote aliyewahi kuwa na redio katika nchi hii. Alizaliwa mwaka 1940 hapohapo bara yetu ya Kisauni, Freretown, karibu na ile kengele iliyokipa kituo cha Kengeleni jina lake. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na ukoo wa Mbotela ni wa watu hao. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Mwana alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kuanzia hapo sauti yake ikawa ndiyo macho ya watu kama mgema wetu. Yeye ndiye wa "Kadenge na mpira," maneno ambayo watoto wa Mwakirunge bado huyapiga kelele wakikimbia, ijapokuwa Joe Kadenge mwenyewe alifariki mwaka 2019 na wao hawajui alikuwa mtu gani. Yeye ndiye pia aliyelazimishwa na askari waasi kuisoma taarifa ya mapinduzi tarehe 1 Agosti 1982, na bado watu waliendelea kumwamini alipowaambia kwamba mpira umetoka nje. Alifariki tarehe 7 Februari 2025.

"Babu zake waliletwa kwa jahazi," akasema mgema. "Hawakuzaliwa hapa. Mnathubutu kuniambia kuwa Mbotela si wetu?"

Hakuna aliyethubutu. Na wazee, kwa kuwa ni watu wa haki hata wakiwa wabishi, waliona hoja imewanasa wenyewe. Kama mjukuu wa aliyekuja kwa jahazi ni wetu, aliyekuja kwa miguu yake kuichezea timu yetu ana kosa gani? Mzee mmoja bado alisema Kongo ni mbali. Akaambiwa Nyasa nako ni mbali. Mulumba akapanda ukutani, herufi zake zimebanana kidogo kwa sababu fundi alikwisha kukadiria nafasi ya jina fupi.

Ukocha ulikwenda kwa Twahir Muhiddin bila kelele. Mtu wa Mombasa, aliyepewa Harambee Stars mwaka 2009 baada ya Mjerumani Antoine Hey kuondoka, na aliyeiletea Bandari ile ngao ya 2015. Majina mengine yaliyotajwa mchana ule yalikuwa ya watu wa mtaani: beki mmoja wa Utange, winga mmoja aliyekuwa akicheza peku kwa hiari yake. Siyachapishi, kwani wenyewe hawakuniomba. Lakini nasema wazi kwamba yule winga alinusurika kukosa kwa kura mbili, na aliyepiga kura ya kumkataa ni shemeji yake.

Jua lilipoanza kuinama ukuta ulikuwa na majina manne ndani ya mistari na moja la kocha kando. Nafasi saba zilibaki nyeupe, na rangi ilikuwa imebaki ya kutosha Jumapili nyingine. Watoto walikwisha kuanza kuupigia ukuta mpira wao, mpira wa vitambaa na kamba, kwani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017 hata gozi la mtaani limebadilika, limekuwa zito, halidundi. Mkwaju mmoja ulimpata Abbas kifuani kabla hajakauka.

Ndipo fundi akauliza swali lake la mwisho. Mbotela amwandike wapi? Vijana wakasema nje ya mstari, na wachezaji wa akiba. Mgema akakataa: akiba hawasikiki. Wakasema basi kwenye benchi pamoja na kocha. Akakataa. Fundi, ambaye alikuwa amechoka na alitaka kulipwa, akachora redio ndogo juu ya mstari wa katikati, mkonga wake umesimama, na waya wa kuifungia kiunoni.

"Huo waya mrefu mno," akasema mgema. "Ungenasa kwenye makuti."

Fundi akaufupisha.