Ndoo moja, kichwa kimoja: Wasusi wa Dzaleka na hesabu ya maji

JUMAMOSI katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, haina tofauti kubwa na Jumamosi ya Uvira, Bujumbura au Kigoma. Kesho yake ni ibada, kwa hiyo leo ni siku ya vichwa. Kwenye vibaraza vya nyumba za matofali huyu anafumuliwa rasta, yule anachanwa, na mtoto aliyebanwa katikati ya magoti ya mama yake analia kabla chanuo halijamgusa. Kiswahili kinatawala, kikichanganyika na Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa.

Mteja akisema kichwa kinamwasha na anataka kioshwe mpaka kwenye ngozi, msusi wa hapa hana haja ya kuanza na aina ya shampuu. Anaanza na maji: yapo kiasi gani?

Kwa viwango vinavyotumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), mtu aliyekwisha kutulia kambini anapaswa kupata walau lita 20 za maji kwa siku. Hizo ni za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Lita 20 ni ndoo moja kubwa. Bomba la mvua la kawaida katika nyumba ya mjini hutoa lita 8 au zaidi kwa dakika, maana yake ni kwamba mwanamke wa Nairobi au Dar es Salaam anayejiosha nywele kwa kufuata video ya mtandaoni, bomba likiwa wazi, anamaliza mgao wa siku nzima wa mtu wa Dzaleka kabla povu halijamtoka kichwani.

Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994. Kabla ya hapo ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda, na jina lenyewe kwa Chichewa linabeba maana ya mtu anayeapa kwamba ataacha, hatarudia tena. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Maji mengi hutoka kwenye visima vya pampu za mkono, na foleni za madumu ni sehemu ya mandhari ya kila asubuhi.

Ndiyo maana saluni ya Dzaleka inastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote mwenye nywele za kipilipili, popote alipo. Ufundi unaohitajika hapa ni kusafisha nywele ngumu kuliko zote kusafishika kwa maji machache kuliko yote.

Njia ya Old Town

Kabla ya maji, kuna bidhaa. Shampuu, kondishena, rasta za pakiti na mafuta hupatikana Lilongwe, safari isiyofika kilomita 50 kuelekea kusini. Mtu wa Dar es Salaam aitazame Old Town kama Kariakoo ndogo. Serikali ilipohamia Lilongwe kutoka Zomba mwaka 1975, ofisi zilijengwa upande mwingine wa jiji, lakini biashara ilibaki huku: maduka ya jumla ya Area 2, soko kuu kando ya Mto Lilongwe, na mtaa wenye pilikapilika unaojulikana kwa jina la kutisha la Devil Street.

Umbali wenyewe si tatizo. Kwa sheria za Malawi, mkimbizi anatakiwa kuishi kambini na kutoka kwa ruhusa. Kwa miaka mingi utekelezaji ulilegezwa, na wengi walifungua maduka mjini, saluni zikiwemo. Mwaka 2023 serikali iliamuru wote warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi wakaanza kuwakamata waliobaki. Walioacha viti, vioo na draya zao mjini wakaanza upya kwenye kibaraza. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ya Malawi ikashusha thamani ya kwacha dhidi ya dola, kutoka takriban 1,180 hadi 1,700. Chupa ya shampuu inayotoka nje ya nchi ikapanda bei bila kumuuliza mtu.

Basi wengi hurudi kwenye kilichopo: sabuni ya kipande ya kufulia, na wakati mwingine ile ya unga. Hapo ndipo kazi inapoharibikia, ingawa kichwa kitaonekana kimetakata.

Kwa nini kipilipili hakioshwi kama nguo

Unywele wa kipilipili ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini si duara, ni bapa kama utepe, na ndiyo maana unajikunja. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwenye uliojikunja hukwama njiani. Matokeo yake kila mwenye nywele hizi anayajua: shinani kuna mafuta na uchafu, nchani kumekauka. Kila kona ya mkunjo nayo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika.

Sabuni ya kipande ina asili ya magadi, ilhali nywele huwa salama zaidi kwenye hali ya uchachu kidogo. Magadi huinua magamba membamba yanayofunika unywele, nao unakuwa mkavu, unashikana na kukatika. Maji yakiwa na chumvichumvi za madini, yale ambayo walimu wa sayansi huyaita maji magumu, sabuni hiyo hukataa kutoa povu na kuacha utando mweupe. Wengi huuona utando huo wakadhani ni mba, kisha wakaongeza sabuni. Wanaopaka magadi ya kupikia kwa nia ya kung'oa uchafu wanaongeza tatizo lilelile.

Mafuta ya mgando nayo yana kesi yake. Hayayeyuki kwa maji hata kidogo. Vumbi jekundu la kiangazi cha Malawi likitua juu yake, kichwa kinakuwa kama gurudumu lililopakwa grisi. Njia ya kuyatoa ni mafuta mepesi ya maji kwanza, yakandwe taratibu mpaka ule mgando ulainike, ndipo shampuu ifuate.

Habari njema kwa kambi yenye uhaba wa maji ni kwamba nywele hizi hazihitaji kuoshwa kila siku wala kila baada ya siku mbili. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hupendekeza kwa watu weusi mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili. Usafishaji wa kina, ule wa kuondoa utando wote, unatosha mara moja kwa mwezi au kila rasta zinapofumuliwa.

Ndoo yenyewe inavyotumika

Kazi huanza kukiwa kukavu. Rasta zilizokaa wiki 6 zikifumuliwa, donge la nywele hutoka na mwenye kichwa hushtuka. Hana sababu. Mtu hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na zikiwa zimesukwa hazina pa kwenda. Kwa siku 42 ni nywele 2,100 hadi 4,200 zinazosubiri siku ya kufumua. Kinachotisha ni ukanda wa uchafu mweupe au wa kijivu kwenye shina la kila rasta. Huo ukilowana kabla haujachambuliwa, unashikamana kama kamba ya mkonge, na hapo ndipo mikasi huitwa.

Kwa hiyo yanatangulia mafuta. Watu wa pwani wana nazi. Watu wa Ziwa Tanganyika, na Dzaleka imejaa watu wa Baraka, Uvira na Fizi, wanayajua mafuta ya mise yanayokamuliwa kwenye kokwa ya mchikichi. Jamaa hawa wawili wanakaribiana kuliko inavyodhaniwa: karibu nusu ya mafuta yao ni asidi ya lauri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi, kwa sababu ya asidi hiyo, huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta ya alizeti yaliyopimwa pamoja nayo hayakufanya hivyo. Bibi aliyekuwa akimpaka mjukuu mise kabla ya kumuosha hakuwa na maabara, ila alikuwa na haki.

Kisha kichwa hugawanywa mafungu manne na kila fungu hubanwa peke yake. Uchafu huchambuliwa kwa vidole, halafu chanuo pana, kuanzia nchani kupanda juu. Anayeanzia shinani anakata nywele za mteja kwa nguvu za mkono wake mwenyewe.

Sasa maji. Shampuu haimwagwi kiganjani, huchanganywa na maji ndani ya chupa ya plastiki ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Chupa hiyo hufikisha dawa kwenye ngozi, mstari kwa mstari, bila kupoteza tone. Vidole hukanda kwa nyama yake, kucha zikae mbali. Povu la kwanza karibu halionekani, kwa kuwa mafuta yanalimeza. La pili ndilo huonyesha kwamba ngozi imefikiwa. Maji ya kusuuza humiminwa kwa kikombe fungu moja baada ya jingine, beseni likiwa chini. Maji ya beseni hayarudi kichwani, yanakwenda kumwagilia mboga au kuosha sakafu.

Lita moja ya mwisho huwekwa kando tangu mwanzo. Humo hutiwa kijiko kimoja cha siki au maji ya limau yaliyochujwa. Uchachu huo huyeyusha utando wa madini na kulaza magamba ya unywele. Kijiko kimoja, kisizidi. Limau kavukavu kichwani huchoma ngozi yenye vidonda.

Anayefuata mpango huu huweza kumaliza kichwa kimoja ndani ya ndoo moja, na pengine abakize kidogo. Baada yake ni kondishena kama ipo, kisha mafuta kidogo nywele zikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaongezi maji kwenye unywele, yanafungia yaliyomo. Fulana kuukuu ya pamba hukausha vizuri kuliko taulo lenye manyoya. Msusi mwenye haraka, mwenye wateja watatu nyuma yake, husuka kichwa kibichi. Hilo lina gharama: unyevu uliofungiwa chini ya rasta hunuka na kulisha fangasi, na msuko unaovuta sana hung'oa nywele za kipaji ambazo zikishakimbia kwa miaka, hazirudi.

Chanuo moja, vichwa ishirini

Kambi iliyobanana ina hatari ambayo saluni ya mjini haiijui kwa kiwango hiki. Mapunye, yale mabaka ya duara yenye magamba kwenye vichwa vya watoto, huambukizwa kwa chanuo, kofia, mto na mashine ya kunyolea. Kuosha kwa shampuu hakuyaponyi, hata ile ya dawa. Fangasi wamejificha ndani ya shina la unywele, na mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, kwa wiki kadhaa. Msusi anayesuka kichwa chenye mapunye kwa sababu mama ameshalipa, kisha akatumia chanuo hilohilo kwa mtoto wa jirani, ameuza ugonjwa. Chanuo lioshwe kwa sabuni, nywele zote zitolewe, kisha lilowekwe kwenye maji yenye dawa ya klorini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mteja asiyerudi.

Kwa wanawake waliorudia nywele zao za asili kuna sababu nyingine. Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 33,000 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Haijathibitishwa kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini imetosha kuwafanya wengi wauangalie upya mkebe wa dawa.

Malawi yenyewe ina historia ndefu ya serikali kuingia kwenye nywele za watu. Sheria ya mavazi ya mwaka 1973 ilipiga marufuku nywele ndefu kwa wanaume, na wageni waliokuja nazo walinyolewa kabla ya kuingia nchini. Nusu karne baadaye, Mei 2023, Mahakama Kuu ilitamka kwamba watoto wa Kirastafari wasizuiwe kusoma shule za umma kwa sababu ya nywele zao. Ulikuwa mwezi uleule ambao wasusi wa kikimbizi walikuwa wakipakiwa kwenye magari kurudishwa kambini.

Kiangazi huisha kuelekea Novemba. Mvua ya kwanza huachwa ioshe vumbi la paa la bati, kuanzia ya pili madumu na masufuria yanapangwa chini ya mchirizi. Maji ya mvua hayana madini: sabuni hutoa povu mara moja, utando hauonekani, limau halihitajiki. Kwa miezi michache hiyo mteja anaweza kuja Jumamosi na kuoshwa kwa ndoo mbili, na hakuna anayehesabu vikombe.